Ile 0.17 si namba tupu

Wahandisi wakibishana kuhusu fomula za zege, hoja ni zilezile. Nazijibu.

"Namba iliyomo kwenye fomula haina kizio." Inacho, ila hakikuandikwa. Katika kanuni za Marekani, ACI 318, fomula iliyozoeleka ya mkazo wa mkato ambao zege la boriti huhimili ni 2 mara kipeuo cha pili cha nguvu ya zege. Nguvu hiyo ikipimwa kwa psi, yaani pauni kwa inchi ya mraba, kipeuo chake hutoa kipeuo cha psi, ilhali jibu ni psi kamili. Kizio kilichopungua kimebebwa na ile 2. Ndiyo maana kwa megapaskali hugeuka 0.17, na kwa kilo kwa sentimita ya mraba, kama wanavyohesabu wengi Amerika ya Kusini, huwa 0.53.

"Megapaskali moja ni psi 145, basi gawanya kwa 145." Hapana. Kwa kuwa kuna kipeuo, unagawanya kwa kipeuo cha 145, takriban 12.

"Kosa la vizio hujianika lenyewe." Mara nyingine, kweli. Chukua 57,000, namba ya psi inayozidishwa kwa kipeuo hichohicho ili kukadiria moduli ya unyumbufu, uitumie kwa zege la megapaskali 25: utapata 285,000, wakati chuma chenyewe ni kama 200,000. Hata mwanafunzi atashtuka. Lakini tumia 0.53 badala ya 0.17 kwenye zege hilohilo: unapata 2.65 badala ya 0.85, zaidi ya mara tatu, na hakuna kinachopiga kelele. Boriti inapunguziwa ringi, mchoro unapita.

"Eurocode 2 imeepuka tatizo hili." Haijaliepuka. Toleo la 2004 lina kigezo cha kina cha boriti: 1 jumlisha kipeuo cha 200 kugawanya kwa kina. Hiyo 200 ni milimita. Kwa kina cha milimita 500, kigezo ni 1.63. Ukiingiza mita, 0.5, hesabu inatoa 21. Sasa kanuni inasema kigezo kisizidi 2, kwa hiyo programu inakata 21 na kukupa 2, namba yenye sura ya heshima kabisa. Uwezo wa zege umeongezwa kwa asilimia 22 hivi, na aliyeficha kosa ni kikomo kilekile kilichowekwa kwa usalama. Kwangu huu ndio mtego mbaya kuliko yote.

"Basi fomula hizi si sayansi." Zimetokana na boriti zilizovunjwa maabara, na zinafaa ndani ya mipaka ya majaribio hayo. Ndiyo maana kwa mkato ACI kwa kawaida huzuia kipeuo cha nguvu ya zege kisipite 100 ikipimwa kwa psi, au 8.3 ikipimwa kwa megapaskali.

Ukitengeneza jedwali la hesabu, andika kizio kando ya kila namba, hata ile ambayo kitabu kimeiacha uchi.