Somo la Misitu katika Shule za Segese

Somo la kuhifadhi misitu, katika shule nyingi za msingi, limekuwa somo la siku moja. Mgeni huja, miche hupandwa, ngonjera husomwa, na kiangazi kinapofika miche imekwisha kuliwa na mbuzi. Sisi tunaofundisha vyuoni twaona kuwa lawama si ya mbuzi. Ni ya njia ya kufundishia.

Wanachuo watakaopangwa Segese na vijiji jirani vya Msalala wana bahati ya kwenda mahali ambapo somo hili limekwisha andikwa juu ya ardhi. Katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya kikoloni ilifyeka mapori ya Shinyanga kwa uongozi wa C. F. M. Swynnerton, ili kumwondoa mbung'o. Baadaye yakaja mashamba ya pamba, mifugo ikaongezeka, na kuhamia vijijini kwa miaka ya 1974 na 1975 kukawatenga wengi na ngitili zao. Ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa masika na kufunguliwa kiangazi, nyasi zinapokuwa haba kwingineko, ndama na maksai wakitangulia.

Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, mwaka 1986, mkazo wa kwanza ulikuwa juu ya vitalu na miche. Wananchi walivutiwa zaidi na kufufua ngitili, na mradi, kwa busara, ukawafuata. Ardhi ilipopumzishwa, visiki vilivyokuwa hai vilichipua vyenyewe. Ngitili zilizokadiriwa kuwa hekta 600 hivi mwaka 1986 zilizidi hekta 300,000 mradi ulipokwisha mwaka 2004. Ulinzi haukuwa wa bwana misitu peke yake: dagashida ilikaa na kutoa amri, sungusungu wakazisimamia, na aliyevunja alitozwa faini. Vikundi vya wananchi vinavyoelimisha vijiji juu ya misitu leo vitafaulu kadiri vitakavyojenga juu ya desturi hiyo.

Sasa dhahabu imeleta hesabu mpya. Duara la mchimbaji mdogo haliendi chini bila matimba, na matimba ni miti. Watu wanaofuata dhahabu hupika kwa kuni na mkaa. Hatuoni haja ya mwalimu kuwatukana wachimbaji mbele ya darasa. Wengi wao ni baba na kaka za watoto hao hao, na madaftari hutoka humo. Lakini mtoto na ajue bei ya dhahabu hiyo kwa miti.

Basi afundishweje? Apelekwe kwenye ngitili kwa idhini ya mwenyewe. Darasa la Tano lipime kipande cha mita 20 kwa 20, lihesabu visiki, litenge vinavyochipua na vilivyokufa, kisha lirudie kazi hiyo muhula ufuatao: hapo pana eneo, asilimia na jedwali bila kufungua kitabu. Mzee wa kijiji aalikwe aeleze majina ya miti na matumizi yake, kwa Kisukuma ikibidi, nao wanafunzi waandike kwa Kiswahili. Nguzo za matimba zihesabiwe barabarani mikokoteni inapopita. Machimboni mtoto asipelekwe. Kuna mashimo, na kuna zebaki.

Lipo jambo ambalo walimu wengi hawapendi kulisikia. Shule nyingi huwaagiza wanafunzi waje na kuni za jiko la shule, na pengine za nyumba ya mwalimu. Mtoto aliyefundishwa Jumatatu kwamba msitu ni mali ya wote, akachapwa Jumanne kwa kukosa mzigo wa kuni, hukumbuka la Jumanne. Atakwenda kuukata popote atakapoupata, hata ndani ya ngitili ya jirani. Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka huu, twawataka wanachuo wapime kuni zinazoteketea jikoni mwa shule kwa juma moja, wahesabu mafiga yaliyo wazi kwa upepo, na kupeleka hesabu hiyo kwa Mwalimu Mkuu na kamati ya shule pamoja na pendekezo la jiko la udongo na kipande cha ardhi ya shule kitakachofungwa kuwa ngitili. Hesabu hiyo iambatishwe na andalio la somo la kwanza la misitu, nasi tutalikagua kwa kuitazama.