Walimu wa Visiwani, Tufundishane

Walimu wenzangu wa Lamu,

Ukisimama Ras Kitau, kisiwani Manda, unaiona Shela ng'ambo ya maji. Boti huvuka kwa dakika chache. Hata hivyo, mwalimu wa Manda na mwenzake wa Shela wanaweza kumaliza mwaka bila kuulizana, "Hesabu za sehemu wewe huzifundishaje?" Walio Faza, Siyu na Kizingitini ndio mbali zaidi; safari yao husubiri maji yajae.

Upweke huu umezidi uzito tangu 2023, Gredi ya 7 ilipoanza katika shule zetu za msingi. Aliyesomea Hisabati hujikuta amekabidhiwa Sayansi na Kilimo pia, na shuleni hana wa kumuuliza.

Chama chetu cha KNUT kimetetea haki zetu tangu 1957, na semina hutufikia mara kwa mara. Lakini semina ikiisha, somo la Jumatatu ni letu. Kwa hilo ninaomba tuunde vikundi vya masomo, shule kwa shule, kisiwa kwa kisiwa.

Njia tunayo. Mradi wa SMASSE, ulioanza 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na Japani, uliwafunza walimu wa Hisabati na Sayansi wa sekondari hatua nne: panga, tenda, tazama, boresha. Tuzichukue. Walimu wanne au watano wa somo moja waandike andalio moja. Mmoja alifundishe darasani kwake. Wengine wakae nyuma wakiwatazama wanafunzi: nani amekwama, amekwama wapi, kwa sababu gani? Baadaye wazungumze, warekebishe, na mwingine alifundishe shuleni kwake.

Najua tunachokihofia. Tumezoea kwamba anayeingia darasani na daftari amekuja kukagua. Hapa hakuna alama wala ripoti. Andalio ni la wote, basi likikwama, limekwama la wote. Mwalimu mpya na aonyeshe udhaifu wake bila haya, na mkongwe akubali kujifunza kwa kijana.

Walimu wakuu, tupeni ruhusa ya siku moja kila muhula. Manahodha na wenye hoteli, boti yenu ikivuka na nafasi, mchukueni mwalimu. Wazazi, mkisikia mwalimu amekwenda shule ya kisiwa kingine, jueni amewaendea wana wenu. Na kusi likivuma hata bahari isisafirike, kundi la WhatsApp litatushikilia mpaka itulie.

Tusingoje barua kutoka Nairobi. Wiki hii, mtafute mwalimu mmoja wa somo lako katika shule nyingine. Mpelekee lile somo ambalo wanafunzi wako hawakulielewa, umuulize yeye alilifundishaje.