Punguzeni Spika Tusikiane

Ukiisikia Tarime gazetini, ujue kuna mapanga ya koo, au kuna mgodi, au kuna ukeketaji. Habari hizo zote nimeziandika na nitaziandika tena, maana ndizo mhariri anazozitafutia nafasi ukurasa wa mbele. Lakini upo ugomvi mwingine kule ambao haupati hata aya mbili ukurasa wa tisa, kwa kuwa haumwagi damu na hauna waziri ndani yake. Ni ugomvi wa spika za kanisani.

Nimeukuta Nyakunguru. Kwa msiopafahamu, hicho ni kijiji cha wilaya ya Tarime, kimojawapo kati ya vile vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara. Ukivuka Mto Mara uko Serengeti. Wenyeji wengi ni Wakurya, na kwa upande wa dini kuna kila aina: Wakatoliki, Wasabato, Wamennonite, na haya makanisa madogo ya kilokole yanayoota kama uyoga baada ya mvua. Nilisali katika mojawapo la hayo madogo. Jina nitalihifadhi, kwa sababu ni watu wema walionilisha viazi vitamu na chai ya maziwa bila hata kuniuliza natoka gazeti gani.

Paa ni la bati, kuta za tofali ambazo hazijapigwa plasta, sakafu ya saruji, mabenchi kumi na matano hivi. Wakijaa kabisa hawafiki mia. Mbele kuna spika mbili zinazomfikia mtu kifuani, sabufa moja, mixa, kinanda, gitaa la besi, drumu kamili na maiki sita. Wandugu, nimeripoti mikutano ya kampeni ya udiwani iliyokuwa na vyombo pungufu ya hivyo, tena uwanjani!

Ugomvi wenyewe uko hivi. Wazee wanasema muziki ule ni wa dunia, ni sebene la baa lililovishwa maneno ya wokovu, halafu unapigwa kwa kelele. Vijana wanajibu kwamba Daudi alicheza mbele ya sanduku la agano mpaka mkewe akamdharau, na kwamba Zaburi ya 150 inataja matari na matoazi, haitaji kunong'ona. Kila upande una maandiko yake. Kwa maoni yangu wamefunga mashtaka mawili katika faili moja, la mtindo na la sauti, wakati shtaka la kwanza halina ushahidi na la pili linao wa kumwaga.

Tuanze na mtindo. Wamisionari wa Kimennonite walifika Shirati mwaka 1934 (zamani hizo Shirati ilihesabiwa Tarime, mpaka Rorya ilipokatwa na kuwa wilaya mwaka 2007). Wao na wenzao wa madhehebu mengine walikuja na nyimbo za kwao zikatafsiriwa. Fungua Tenzi za Rohoni: nyingi ya nyimbo zile asili yake ni Uingereza na Marekani, maneno na tuni. Iritungu, chombo cha nyuzi nane cha Wakurya, ndugu wa nyatiti ya Wajaluo ila chenyewe ni kikubwa zaidi na sauti yake ni nzito, kilibaki nje mlangoni pamoja na ngoma za sherehe. Kilihesabiwa cha dunia.

Sasa chekesho ni hili. Hizo nyimbo tunazoziita takatifu za zamani nazo zilipata kuitwa za dunia. Ira Sankey, yule mwimbaji wa Kimarekani aliyezunguka Uingereza na mhubiri Dwight Moody kati ya 1873 na 1875, alipofika Scotland na kinanda chake kidogo cha upepo, wapo waliochukia kabisa. Kwao kuweka chombo kanisani ilikuwa kumdhihaki Mungu. Leo mzee wa Nyakunguru anazililia nyimbo za namna ile ile kama ndizo zilizoshuka Sinai.

Wakatoliki wamepita njia hiyo hiyo. Mwaka 1958 huko Kamina, Kongo, Padri Guido Haazen na wanakwaya wake walitoa Missa Luba, misa ya Kilatini kwa ngoma na uimbaji wa Kikongo, na baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa 1962 hadi 1965 ngoma na kayamba ziliingia misani kwa mlango wa mbele. Walutheri walikuwa na Howard Olson pale Makumira, aliyekusanya nyimbo za tuni za Kiafrika katika kitabu cha Tumshangilieni Mungu. Nani leo anashtuka akisikia kayamba kwenye misa? Kwa hiyo wazee wangu, hilo la sebene naomba tulifute. Besi ya mtindo wa Kinshasa itazoeleka, kama haijazoeleka tayari.

Na vijana nao wasijione wamevumbua kitu. Yale mapambio ya kuabudu ya polepole, kinanda kikilia chini kwa chini huku mwimbaji kafumba macho, yamesambazwa duniani zaidi na Hillsong, kanisa lililoanzishwa mwaka 1983 kwenye kitongoji cha Sydney, Australia. Sina ugomvi na kuiga. Lakini muziki ule ulitengenezewa kumbi za maelfu ya watu, zenye mafundi mitambo waliosomea kazi hiyo. Ukiuchukua na vyombo vyake ukauingiza kwenye mabenchi kumi na matano chini ya bati, umeingiza treni kwenye uchochoro.

Bati na saruji hazimezi sauti, zinairudisha. Nje uwanjani, kila umbali unapozidi mara mbili sauti hupungua desibeli sita hivi. Ndani ya kibanda cha bati haina pa kwenda, inagonga ukuta inarudi. Drumu haina kitufe cha kupunguzia. Basi mpiga besi akiona hasikiki anapandisha, kinanda kinapandisha, waimbaji wanapandisha maiki, mluzi unalia, na yule kijana wa mixa anaitwa kwa ishara ya kidole gumba kuelekea juu. Kila mtu anaelekeza juu. Sikumwona hata mmoja anayeelekeza chini.

Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inashauri mfanyakazi asikae kwenye desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane, na kila zikiongezeka desibeli tatu muda ugawanywe kwa mbili. Ukifika desibeli 100 unabakiwa na dakika 15. Huna kipimo? Kama inabidi umpazie sauti mtu aliye umbali wa mkono wako ili akusikie, tayari umefika kwenye 85 au umepita. Mimi nilimpigia kelele jirani yangu sikioni kumuuliza tunafungua andiko gani, akanijibu kwa kutabasamu. Na sifa zilichukua zaidi ya saa moja. Watoto, kama ilivyo kawaida ya makanisa yetu, walikuwa wamekalishwa mbele kwenye mkeka. Mbele, maana yake miguuni pa spika. Masikio yakiharibika kwa kelele hayaoti tena kama kucha.

Lakini hata hilo la masikio silo lililonifanya niandike. Kilichonishika ni midomo. Kwenye pambio la tatu niligeuka kuangalia nyuma. Watu walikuwa wanapiga makofi, wanaruka, kina mama wanapunga vitambaa, lakini midomo mingi ilikuwa imefungwa. Baadaye nilimuuliza bibi mmoja mbona haimbi. Akaniita mura, kama wanavyomwita kijana kule, akanieleza kuwa siku hizi kanisani anakwenda kuwasikiliza watoto. Kuimba anaimba nyumbani akichambua mboga, ambako anajisikia. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekueleza kwamba njia ya mkato imefungwa, pita huku.

Hebu fikirieni. Uimbaji wetu, uwe wa harusi, wa msiba au wa kulima, ni wa mwimbishaji na waitikiaji. Mmoja anatupa, wengi wanadaka. Kiitikio ni mali ya umati. Ukiwapa watu sita maiki sita na spika za uwanjani, umekichukua kiitikio benchini ukakipeleka jukwaani, na waliobaki ni watazamaji. Wazee wanadhani wameibiwa tenzi. Naona wameibiwa kitu kikubwa zaidi, na vijana walio nyuma kule wasio na maiki wameibiwa pamoja nao.

Katikati ya pambio la nne umeme ulikatika. Spika zikanyamaza ghafla, ikabaki drumu, naye mpiga drumu akaona haya akaacha. Mama mmoja upande wa kushoto akadaka pale pale lilipokatikia. Wakamwitikia, kwanza wachache, halafu kanisa zima, wanaume wakashuka chini kwenye besi zao za asili, mtu akagonga benchi kushika mwendo. Bibi yangu alikuwa anaimba kichwa kakiinua. Kijana wa mixa alikuwa ameshatoka mbio kama nyumba inaungua, nikasikia anavuta kamba ya jenereta. Vikarudi vyote. Mchungaji akamshukuru Mungu kwa kumwaibisha Shetani aliyekata umeme, na midomo ikafungwa tena.

Anayeniambia bila sauti kubwa Roho hashuki, namkumbusha uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukapita Uganda na kufika Shirati mwaka 1942. Waliokuwemo waliungama hadharani wakilia, maadui wakapatana, na wimbo wao wa Tukutendereza ulivuka mipaka ukiwa na maneno yake ya Kiganda. Uliimbwa hauna chombo. Hakukuwa na hata waya.

Sasa nisieleweke vibaya. Vijana wale nawaelewa kuliko wanavyodhani, na nimekaa nao nje mpaka jioni. Zamani kanisa lilijitangaza kwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini ikagongwa kwa nondo. Leo jirani yako ana spika, baa ya senta ina spika, kanisa la ng'ambo ya barabara lina spika, na wanaamini kanisa lisilosikika halipo. Halafu kuna jambo zito zaidi. Kijana wa kijiji kile, mgodi anauona kwa nje ya ukuta. Shamba ni la baba. Wapo rika lake wanaoruka ukuta usiku kufuata mawe ya dhahabu, na wengine hawarudi wazima. Yeye kajifunza besi mwenyewe kwa kuangalia video kwenye simu ya kuazima, na Jumapili ndiyo siku pekee ambayo watu wazima wanakaa wakamsikiliza. Ukimwambia apunguze, anasikia ondoka. Kwa hiyo mzee anayenyanyuka katikati ya ibada kwenda kuchomoa waya hajamaliza tatizo. Kampa kijana sababu ya kutorudi, na huko atakakokwenda hakuna mapambio.

Serikali zikiingilia haziingii kwa upole. Rwanda mwaka 2018 ilifunga makanisa zaidi ya 700 Kigali, na kelele ilikuwa mojawapo ya sababu zilizotajwa pamoja na ubovu wa majengo. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinaweka maeneo ya ibada kwenye desibeli 40 mchana na 35 usiku, chini hata ya maongezi ya kawaida ya watu wawili! Sisi tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za kelele za 2015, na mwaka 2023 NEMC ilifungia baa na kumbi kadhaa kwa kelele. Nyumba za ibada zinaguswa kwa vidole viwili, kila mtu anajua kwa nini. Ila usiku ule kando ya kanisa lile niliona kibatari dirishani, na mtoto wa sekondari kainamia daftari huku vijana wakifanya mazoezi. Yeye atamshtakia nani?

Ndiyo maana napendekeza wamalize wenyewe, na haihitaji hela. Anayeshika mixa ahame, akae benchi la nyuma kabisa, kwa sababu anayeshika mixa akiwa ubavuni mwa drumu hasikii kanisa, anasikia drumu. Spika ziinuliwe juu ya vichwa. Sabufa ibaki stoo mpaka siku ya mkutano wa hadhara, itafurahi uwanjani. Mpiga drumu atie blanketi ndani ya ngoma kubwa. Na katika kila ibada pambio moja lipigwe na vijana hao hao, wakiongoza wao, bila maiki hata moja, besi ikisikika kwa mbali tu, wasikie wenyewe kinachotoka kwenye mabenchi. Nilimweleza hivyo mpiga besi. Akakaa kimya, akaniuliza kama siku umeme ulipokatika mimi nilikuwemo. Nikamwambia nilikuwemo. Akasema na yeye alisikia.

Kuhusu spika na maiki mtakaa vikao, najua, na kamati itaundwa. Ila ule mkeka wa watoto usogezwe Jumapili hii hii.