SUV ya Umeme: Je, LUKU Ananunua Nani?

Mwezi huu naomba tuzungumzie gari. Najua kuna watakaoguna kwamba habari za magari ni za vijiweni na ukurasa huu ubaki na mambo ya mapenzi. Subiri kidogo. SUV ya umeme ikiingia ndani ya geti haipigi kelele hata chembe, lakini nimeshuhudia jinsi inavyoweza kuzua maneno kati ya watu wawili wanaopendana, na wote wawili wakawa na haki.

Magari haya si hadithi za Ulaya tena. Rwanda iliyapunguzia kodi mwaka 2021. Ethiopia ilizuia magari binafsi ya petroli na dizeli kuingizwa nchini mwaka 2024. Mwaka huohuo SUV ya Kichina, BYD Atto 3, ilizinduliwa rasmi kwa majirani zetu wa Kenya. Hapa Dar ukikaa kwenye foleni ya Mwenge utaona moja moja zinapita kimya kimya, na kwenye vikao vya kina kaka siku hizi mjadala ni huo huo: tuhamie huko au bado?

Nina rafiki zangu, mke na mume, wote waajiriwa, wanaishi Goba. Wamekaa na SUV yao ya umeme kwa zaidi ya mwaka sasa. Majina yao yabaki moyoni mwangu, lakini wameniruhusu niwasimulie yaliyowapata.

Raha zake

Tuanze na raha, maana zipo. Mume anasema alichokipenda kwanza ni foleni. Ndiyo, foleni! Gari la petroli likisimama na kiyoyozi kinawaka, injini inaendelea kunywa mafuta. La umeme likisimama, mota haili kitu. Kinachotumia umeme ni kiyoyozi, taa na redio tu. Halafu ukiachia pedali (wengi bado tunaiita ya mafuta), mota inageuka jenereta, inalipunguza gari mwendo na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Ndiyo maana pedi za breki zinakaa muda mrefu. Oili ya injini hakuna, plagi hakuna, fundi wa gereji anakukumbuka kwa sikukuu tu.

Mke yeye alishinda moyo siku umeme ulipokatika usiku na friji limejaa nyama. Baadhi ya magari haya, Atto 3 ikiwemo, yana kifaa cha kutolea umeme nje. Wakavuta waya kutoka kwenye gari, friji likaendelea kunguruma mpaka asubuhi, na televisheni juu. Majirani wakadhani wamenunua jenereta lisilotoa sauti.

Mambo yalipoharibika

Sasa sikiliza. Kabla ya gari hilo, kila mmoja alikuwa na fungu lake, kama ilivyo katika nyumba nyingi za vijana wa mjini. Mume: mafuta ya gari, ada ya shule, bima. Mke: chakula, maji, LUKU, mshahara wa dada wa kazi. Mgawanyo wa haki kabisa, na ulikuwa umedumu miaka.

Mwezi wa kwanza wa gari jipya, LUKU ya shilingi 50,000, ambayo siku zote ilikaa mwezi mzima, iliisha siku ya 11. Mke akadhani mita imeharibika. Akamwandama dada wa watu kwa ajili ya pasi na jagi la umeme. Akazima hita ya maji, wakaoga maji baridi. Akanunua tena, ikaisha tena. Ndipo usiku mmoja alipotoka nje akaliona gari limechomekwa, taa yake ndogo inapepesa, na yote yakamjia kichwani.

"Baba watoto," aliuliza wakati wa kula, "hivi mafuta ya gari siku hizi nanunua mimi?"

Mume akacheka. "Mafuta gani tena, mke wangu? Si tunaokoa?"

"Nani anaokoa?"

Kikao hicho, jamani, hakikuisha usiku ule.

Tupige hesabu

Hebu tuchukue kikokotoo tuone nani alikuwa na haki. SUV ya umeme ya ukubwa wa kati inatumia takribani uniti 20 kwa kilomita 100, ukijumlisha na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Uniti moja ya LUKU kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani, kodi na tozo zikiwemo, ni kama shilingi 356. Kilomita 100, basi, ni kama shilingi 7,100.

SUV ya petroli inayokula lita 10 kwa kilomita 100, tukikadiria lita kwa shilingi 3,000, itakula 30,000 kwa safari hiyohiyo.

Rafiki zangu hawa wanatembea kama kilomita 1,200 kwa mwezi: kazini, shuleni, sokoni, kanisani. Kwa petroli ilikuwa shilingi 360,000. Kwa umeme ni karibu 85,000. Kwa hiyo mume alisema kweli, nyumba inaokoa 275,000 kila mwezi. Na mke naye alisema kweli: mume ndiye aliyebaki na 360,000 mfukoni, na mke ndiye aliyeongezewa mzigo wa 85,000. Hakuna aliyeiba. Gharama ilihama tu kutoka sheli ikaingia kwenye LUKU, na ilipohama haikumwambia mtu.

Swali lililouma zaidi lilikuwa dogo: hiyo 360,000 ilikuwa inakwenda wapi? Mume hakuwa na nyumba ndogo, nikuondoe wasiwasi. Hakuwa na jibu tu. Ilikuwa imeyeyukia kwenye vocha, michango ya harusi na nyama choma za Ijumaa. Wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari.

Wamefanyaje? Walimwita fundi umeme akafunga mita ndogo ya kusomea kwenye soketi ya gari, ili kila mtu aone gari limekula uniti ngapi. Tarehe 1 ya mwezi mume anatuma hela ya uniti hizo kwa mke. Kinachookolewa kinaingia akaunti ya pamoja. Mke ananiambia tarehe 1 wakati mwingine inakuwa tarehe 6, na kwamba yeye naye hakumwomba dada msamaha mpaka nilipomkumbusha. Binadamu ndivyo tulivyo.

Nani anachomeka?

Baada ya hela linakuja suala la kumbukumbu. Soketi ya kawaida ya ukutani inatoa umeme wa kilowati 2 na ushei. Ukitaka kujaza betri ya Atto 3 yenye kilowati-saa 60 kutoka sifuri, utangoja zaidi ya saa 26. Inatisha, lakini nani anaanza na sifuri? Ukitembea kilomita 50 kwa siku unahitaji uniti 10 tu, na hizo zinaingia kwa saa nne au tano mkiwa mmelala. Chaja maalumu ya ukutani ya kilowati 7 inajaza betri nzima kwa usiku mmoja, ila inataka waya wake mnene na fundi anayejua kazi. Waya wa kuunga unga dirishani ni kualika moto ndani ya nyumba.

Ukisahau kuchomeka, asubuhi unakutana na asilimia 18 na kikao cha saa mbili Posta. Hapo ndipo "nilidhani wewe umechomeka" inapoanza kuvunja mahusiano. Sheria ya Goba ni rahisi: aliyeliingiza gari ndani ndiye anayechomeka. Hakuna kuulizana.

Kama mmepanga, ongezeni kikao kimoja, na mwenye nyumba. Mita moja ya LUKU ikitumiwa na wapangaji watatu, gari lenu litakuwa mpangaji wa nne anayekula kuliko wote. Na mkiwa mko kwenye ile bei ya chini ya wenye matumizi madogo, yaani wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, sahauni. Gari litawatoa humo wiki ya pili tu.

Simu inayojua ulipo

Hili nimeliweka katikati makusudi, maana najua mnalisubiri. Magari mengi ya aina hii yana programu ya simu. Inakuonyesha chaji imebaki kiasi gani, inawasha kiyoyozi kabla hujaingia, na inakuonyesha gari limeegeshwa wapi. Ndiyo, wapi.

Kuna ndoa zitakazopona kwa hilo na kuna zitakazougua. Ushauri wangu: ama muwe nayo wote wawili kwa makubaliano, au asiwe nayo mtu. Mmoja akiwa nayo kwa siri, hiyo si programu ya gari tena, ni upelelezi. Na kama unaifungua kila nusu saa kuangalia gari la mwenzako liko mtaa gani, tatizo lenu halitatibiwa na betri.

Krismasi ya Moshi

Mume ni mtu wa Moshi, na mnajua Desemba ya watu wa Moshi. Alikuwa ameshajiona anapandisha mlima na SUV mpya, wajomba wakitoka nje kuangalia. Shida ni kwamba Moshi ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar. Atto 3 yenye betri kubwa imepimwa kwa viwango vya Ulaya kuwa inakwenda kilomita 420 kwa chaji moja. Hapo barabarani, ukiwa na watu watano, mizigo, kiyoyozi na mwendo wa kilomita 100 kwa saa, inapungua. Magari haya yako kinyume na tulivyozoea, yanabana matumizi mjini na kula zaidi kwenye barabara kuu.

Wakafikiria kulala Korogwe, takribani nusu ya njia, na kuchaji. Lakini kwa soketi ya kawaida, usiku mzima wa saa 12 unaongeza kilomita 130 hivi, na zilizobaki ni zaidi ya hizo. Barabara zetu kuu bado hazina vituo vya chaji ya haraka vya kutegemea kama tunavyotegemea sheli. Mke akasema waende kwa basi. Mume akanuna siku mbili. Wakaenda kwa basi, wakarudi na ndizi na mbege, na wajomba wakaonyeshwa gari kwenye simu.

Kwa hiyo jueni gari hili ni la safari zipi. Bagamoyo kwenda na kurudi ni starehe. Morogoro ni karibu kilomita 200, unafika bila presha, ila panga mahali pa kuchaji usiku kabla ya kurudi. Dodoma? Tangu 2024 kuna treni ya SGR, nayo ni ya umeme pia. Liacheni gari nyumbani lipumzike.

Kabla hujatoa hela

Ukiagiza lililotumika, uliza afya ya betri ipimwe na kompyuta, usiridhike na rangi kung'aa. Watengenezaji wengi wanatoa dhamana ya betri ya miaka 8 au kilomita 160,000, lakini dhamana ya nchi nyingine inaweza isikufuate hapa, hivyo uliza kwa maandishi. Angalia tundu la kuchajia: magari ya soko la China, Japani na Ulaya yana matundu tofauti ya chaji ya haraka. Angalia lugha ya kioo pia. Kuna watu wanaendesha magari yanayowasemesha Kichina mwaka mzima. Betri ndogo ya volti 12 nayo ipo, na ikifa gari haliwaki hata kama ile kubwa imejaa. Na mvua za Dar zikija, betri imezibwa vizuri chini ya sakafu, lakini gari si boti.

Hayo ya fundi yana majibu. Yale ya kwenu wawili hayaandikwi kwenye kipeperushi cha muuzaji. Kabla ya kulipa, kaeni chini jioni moja, simu mbali, mjibizane matatu: nani ananunua LUKU ya gari, hela ya mafuta inayobaki inakwenda wapi, na Desemba tunasafiri na nini. Mkishindwa kukubaliana kwenye meza, hamtakubaliana mkiwa mmekwama Chalinze na asilimia 6.

Wewe na mwenzako mnagawanaje gharama za gari, liwe la petroli au la umeme? Niandikie, na kama kawaida majina nitayaficha. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.