Askari Waliozama na Meli ya Khedive Ismail

Nyeri kuna makaburi ya askari waliokufa katika vita vya 1939 hata 1945. Na kule Mathari limo kanisa la ukumbusho la Waitalia, alimozikwa Duke wa Aosta, aliyefariki Nairobi mwaka wa 1942 hali ni mateka. Mtu wa Ruring'u aweza kufika huko asubuhi, akasoma majina juu ya mawe, kisha akarudi shambani kwake. Rafiki na adui, wote wamepewa mahali pao.

Lakini wako askari wa Afrika ya Mashariki ambao kaburi lao haliwezi kuzuriwa. Hao ni wapiga mizinga wa Rejimenti ya 301, waliopanda meli ya Khedive Ismail bandarini Mombasa mwezi wa Februari 1944, wakielekea Seiloni, nchi ambayo sasa huitwa Sri Lanka. Meli hiyo haikuwa manowari, bali ilikuwa meli ya abiria iliyotumiwa kuchukua askari. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido mbili, nayo ikazama kwa muda wa dakika chache tu. Katika watu zaidi ya 1,500 waliokuwamo, wapatao 1,300 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo wauguzi wanawake. Manowari za Kiingereza zilipoiwinda nyambizi ile, zilitupa mabomu mahali pale pale walipokuwa wakiogelea waliookoka, kwa maana adui alikuwa amejificha chini yao. Nyambizi ilizamishwa siku ile ile.

Juu ya maji hapasimami jiwe. Kwa hiyo ukumbusho wao umejengwa Nairobi, katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, nao wawakumbuka zaidi ya wapiga mizinga 600 wa rejimenti hiyo. Mwenye ndugu aliyepotea na meli ile yafaa aende huko. Na achukue jina la askari pamoja na jina la baba yake, kwani huenda karani aliliandika kama alivyolisikia. Asipoliona, na aulize Halmashauri ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, yenye kutunza daftari la majina.

Mwezi wa Desemba 1963 wapiganaji wa msituni walikuja katika uwanja wa Ruring'u, na wazazi wengi wakaona nyuso ambazo hawakuzitumaini tena. Wazazi wa wale waliozama hawakupata siku kama hiyo. Wengine katika vijana hao hawakuwa wameoa, wala hawakuacha mtoto. Hata hivyo, desturi ya Wakikuyu humpa mtoto jina la babu yake, kisha hufuata majina ya ndugu za baba. Basi mzee amwitapo mjukuu wake kwa jina la askari huyo, hana budi kumweleza lilikotoka, na mahali lilipoandikwa.