Ndani ya Kiwango Gani?

Mdogo wangu amerudishiwa simu yake baada ya siku nne kituo cha huduma, ikiwa na karatasi yenye sentensi moja: "Skrini iko ndani ya kiwango cha mtengenezaji." Alipouliza kiwango chenyewe ni kipi, kijana wa mapokezi alimjibu kwa upole, "Dada yangu, hicho hata sisi haturuhusiwi kukitoa." Shauri likaishia hapo.

Sina ugomvi na kijana yule, maana naye kapewa cha kusema. Ugomvi wangu ni na sentensi iliyoandikwa kwenye ile karatasi. Nasema mapema ili msomaji asihangaike kunitafuta nilikosimama: ile sentensi ni dhuluma, na itabaki dhuluma hata kama skrini ya mdogo wangu ingekuwa nzima.

Tulinunua simu mbili siku moja, duka moja la Kariakoo, toleo lile lile, rangi ile ile, bei ile ile bila kupungua hata shilingi. Usiku tukazilaza mezani, mwanga tumeupunguza, zote zikionyesha picha moja ya shuka jeupe. Kwangu shuka lilikuwa jeupe. Kwake lilikuwa na ukijani kama limeoshwa kwa maji ya mchicha, na ukingo wa kulia ulivutia kwenye waridi. Asiyekuwa na simu ya pili ya kulinganishia asingejua. Lakini mdogo wangu anauza vitenge kwa WhatsApp. Akipiga picha, huirekebisha rangi mpaka ifanane na kitambaa alichokishika mkononi, ndipo anaituma. Skrini ikimdanganya, naye anamdanganya mteja bila kujua. Amerudishiwa doti mbili kutoka Dodoma kwa sababu hiyo, na nauli ya kwenda na kurudi kailipa yeye.

Jambo hili halikuanza kwetu, wala si la kampuni moja. Skrini ya OLED, kama hizi za simu zetu, hutengenezwa kwa kuvukiza kemikali ndani ya chumba kisicho na hewa, mvuke wake ukapita kwenye bati jembamba lenye matundu madogo mno na kutua juu ya kioo au plastiki. Tabaka zinazotoa mwanga hupimwa kwa nanomita. Chini yake kuna mamilioni ya transista, na hakuna mbili zinazopitisha umeme kwa kiasi kile kile kabisa. Ndiyo maana kasoro hujificha mchana na kujitokeza usiku: mwanga ukiwa mdogo, umeme unaopita ni kidogo sana, na tofauti ambayo mchana ingemezwa inakuwa sehemu kubwa ya kile kidogo kilichobaki. Viwanda vinalijua hilo. Kila skrini hupigwa picha kwa kamera maalumu, dosari zake zikapimwa, kisha namba za kuzisahihisha zikahifadhiwa kwa ajili ya skrini hiyo hiyo. Kwa hiyo skrini ya mdogo wangu iliwahi kupimwa kabla haijafika Dar es Salaam. Kuna aliyeona namba zake, akaamua ipite.

Juu ya hapo kuna suala la watengenezaji wengi. Mwaka 2017 skrini za iPhone X zilitoka kwa Samsung peke yake. Katika matoleo yaliyofuata LG nayo ikaingia, kisha BOE ya China. Simu za bei ya kati tunazozinunua zaidi huku kwetu nazo zimekuwa hivyo kwa muda mrefu: toleo moja, vioo vya viwanda viwili au vitatu. Simu yenyewe inajua imefungwa kioo cha nani, maana ikiwashwa lazima ipakie maelekezo ya kukiendesha kioo hicho na si kingine. Kwenye baadhi ya simu za Android, programu ndogo ya bure inaweza kulisoma jina la kioo. Kampuni inajua, kiwanda kinajua, na simu inajua. Aliyelipa ndiye pekee asiyeambiwa.

Watetezi wana hoja zao, na ni haki tuzitaje. Wanasema hakuna kiwanda duniani kinachotoa vitu viwili vinavyofanana kabisa. Ni kweli. Wanasema kununua vioo kwa viwanda kadhaa kunashusha bei na kuzuia uhaba wa simu sokoni. Hilo nalo ni kweli, na hata mimi nimefaidika nalo. Wanasema pia kuwa watu wengi hawaoni tofauti. Huenda, ila asiyeona hajapeleka simu kituo cha huduma. Aliyeipeleka ameona.

Hoja hizo zote zinajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Mdogo wangu hakudai simu isiyo na tofauti hata chembe. Aliuliza tofauti inayoruhusiwa ni kiasi gani, na yake imefika wapi. Hapo ndipo penye shauri lote.

Neno kiwango tunalijua sote. Mwenye duka la nafaka anatumia mizani ambayo Wakala wa Vipimo wameihakiki na kuibandika stika. Mizani hiyo nayo haipimi sawasawa kabisa, na sheria inakubali ikosee kidogo. Lakini kile kidogo kimeandikwa kwenye kanuni, na muuza duka hakijazi mwenyewe kila mteja anapolalamika. Tumepiga kelele miaka mingi juu ya lumbesa, gunia linalorundikwa mpaka juu ya mdomo, mkulima akalipwa la kilo 100 huku akitoa zaidi. Kilichotuwezesha kuiita lumbesa wizi ni kwamba kilo 100 ni namba inayojulikana na kila mtu. Kama mnunuzi wa mazao angeruhusiwa kusema "gunia hili liko ndani ya kiwango changu, na kiwango changu ni siri," mkulima angeshitaki kwa lipi?

Nenda sasa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Boksi la vigae limeandikwa namba ya shedi, kwa sababu tanuri la leo na la jana halitoi rangi moja. Fundi wa vigae, hata asiyemaliza darasa la saba, atakuambia usichanganye shedi mbili sebuleni. Mwenye kiwanda cha vigae hakuona aibu kuandika kwamba bidhaa yake inatofautiana. Kaandika, na mnunuzi akachagua. Boksi la simu lenye thamani ya vigae vya nyumba nzima halina neno lolote la namna hiyo.

Na wasituambie kwamba mwanga na rangi havipimiki. David MacAdam, mtafiti wa Kodak huko Marekani, mwaka 1942 alichapisha vipimo vya tofauti ya rangi ambayo jicho la mtu linaanza kuitambua. Vipimo vyake ndivyo vinavyotumika mpaka leo kupanga balbu za LED kwa hatua, ili taa za ukumbi mmoja zisitofautiane weupe. Kwa skrini zenyewe, shirika la viwango la kimataifa, ISO, mwaka 2001 lilitoa kiwango namba 13406-2 kilichogawa skrini bapa katika madaraja manne kwa idadi ya pikseli mbovu. Skrini ya daraja la pili iliruhusiwa, katika kila pikseli milioni moja, kuwa na mbili zinazowaka daima, mbili zilizozimika daima, na tano zenye hitilafu ya sehemu tu. Unaweza kuona idadi hiyo ni kubwa mno. Lakini mwenye kompyuta aliweza kukaa na kuhesabu: moja, mbili, tatu. Ikizidi, anarudisha. Hakuhitaji huruma ya mtu yeyote.

Kampuni za simu zenyewe, zikibanwa, namba huzipata. Mwaka 2015 iligundulika kuwa chipu ya iPhone 6s inatengenezwa na viwanda viwili, Samsung na TSMC, na wanunuzi wakaanza kupima ipi inakula betri zaidi. Apple haikujificha nyuma ya neno kiwango. Ilisema tofauti ya matumizi halisi ni asilimia 2 hadi 3. Uikubali namba hiyo au uibishie, angalau ilikuwepo ya kubishia. Oktoba 2017 Google ilipolalamikiwa kuhusu skrini za simu yake ya Pixel 2 XL, waranti ilirefushwa kuwa miaka miwili. Kelele za nchi tajiri zilisikika. Mwanamke wa Dar es Salaam anayeuza vitenge kapewa karatasi ya mstari mmoja.

Hapo ndipo subira inaponiishia. Kiwango ambacho mlalamikaji hawezi kukisoma, kilichowekwa na anayelalamikiwa, kikapimwa na wakala wa anayelalamikiwa, kwa kifaa kisichotajwa, na majibu yakafichwa, hakistahili kuitwa kiwango. Ni neno "hapana" lililovishwa koti la kitaalamu. Anayelitumia anajua mteja atanyamaza, kwa sababu neno lenyewe linamfanya ajione hana elimu ya kubisha. Mdogo wangu alitoka pale akijiuliza kama macho yake yana tatizo. Macho yake hayana tatizo. Mimi niliona, na jirani yetu ambaye hakuambiwa chochote aliona.

Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda anayenunua kwa sampuli: mzigo ulingane na kile alichoonyeshwa. Mwanasheria wa kampuni atasema simu ya maonyesho pale dukani si sampuli. Basi atueleze imewekwa pale ya nini, imewashwa mwanga wote, ikionyesha maua na samaki wa rangi. Kwa wenzetu Kenya jambo liko wazi zaidi, maana ibara ya 46 ya Katiba yao ya 2010 inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidi bidhaa aliyonunua. Namba ya tofauti inayoruhusiwa ni taarifa ya namna hiyo hasa.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 mamlaka yetu ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na wengi wetu tukanunua mpya kwa kuambiwa kwamba simu halisi ndiyo yenye ubora wa kuaminika. Serikali iliyoweza kumlazimisha mwananchi aache simu bandia inaweza kumlazimisha muuza simu halisi aeleze anachouza. Nawaomba Tume ya Ushindani na shirika letu la viwango, TBS, jambo moja tu: kampuni yoyote inayokataa dai la waranti kwa kisingizio cha kiwango iandike namba ya kiwango hicho, iandike na namba iliyopimwa kwenye simu ya mlalamikaji, zote mbili kwenye karatasi moja. Ikishindwa, ibadilishe skrini.

Nawe unayekwenda kununua wiki hii, usitoke dukani kabla hujapunguza mwanga, ukafungua picha ya kijivu au nyeupe tupu, ukaitazama kwenye kona yenye giza. Omba na simu ya pili ya toleo hilo uzilinganishe. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Waranti ya mdogo wangu ina miezi saba iliyobaki. Kwa sasa, vitenge vyake anavirekebisha rangi kwenye simu yangu.