Mtandao ukikatika zahanati, matibabu yasikatike

Siku hizi ukifika hospitalini, jambo la kwanza unaloweza kuambiwa dirishani ni kwamba mtandao unasumbua. Bima haihakikiwi, namba ya malipo haitoki, majibu ya maabara hayafunguki. Kwa wakazi wa Ngara na Biharamulo hili si geni. Na kadiri huduma za afya zinavyohamia kwenye kompyuta, ndivyo linavyomgusa mgonjwa moja kwa moja.

Jitihada zipo. Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 ya simu nchini. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, mnara kufika kwenye kata ni jambo moja, na mtandao kufika kwenye chumba cha daktari ni jambo jingine.

Kwa nini unakatika?

Mtandao usiotumia waya husafiri kwa mawimbi ya redio, na mawimbi hayo hudhoofika yakikutana na kilima, ukuta mnene au bati. Ngara ni wilaya ya vilima na mabonde. Zahanati iliyo nyuma ya kilima inaweza kukosa mtandao ingawa mnara uko kilomita chache tu. Biharamulo, umbali huongeza tatizo, kwa kuwa vijiji vimetawanyika na kuna maeneo mapana ya misitu. Mawimbi yanayobeba intaneti ya kasi mara nyingi hayafiki mbali kama yale ya simu ya kawaida. Ndiyo maana unaweza kuongea na ndugu yako vizuri huku kompyuta ya zahanati ikishindwa kufungua ukurasa mmoja.

Kuna sababu nyingine mbili. Kasi ya mnara hugawanywa kwa watumiaji wote, hivyo siku ya mnada hupungua. Pia mnara unahitaji umeme. Umeme ukikatika na betri zikaisha, unazimika. Waifai ya hospitali nayo hainusuru hapo, kwani husambaza tu intaneti iliyokwisha kufika.

Wanaoishi karibu na Rusumo na Kabanga wana adha ya ziada. Simu inaweza kudaka mtandao wa Rwanda au Burundi. Ukiwa humo, gharama hupanda na namba fupi za Tanzania huenda zisipatikane. Ingia kwenye mipangilio ya simu, acha kuiruhusu ichague mtandao yenyewe, kisha chagua mtandao wako wa nyumbani.

Kinachoweza kupotea

Januari 20, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuthibitika kwa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha Machi 13, watu 10 walikuwa wamehesabiwa, wawili wakithibitishwa na maabara na wanane wakidhaniwa kuugua. Wote walifariki. Katika ugonjwa wa namna hii, taarifa ya homa isiyo ya kawaida kutoka kijijini inapaswa kufika wilayani siku hiyohiyo. Haiwezi kungoja intaneti irudi.

Ndivyo ilivyo kwa uzazi pia. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022, husafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye dharura. Unaanza kwa kupiga 115 bure, bila intaneti. Nguvu yake iko hapo: umejengwa juu ya sauti, na sauti mara nyingi hupatikana mahali ambapo intaneti haipo.

Hilo ndilo somo kwa wanaopanga mifumo yetu. Kila kituo kiwe na daftari na fomu za kutumia mtandao ukikatika, na programu zinazohifadhi taarifa palepale kisha kuzituma baadaye. Na mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza. Uhakiki wa bima na malipo ufuate. Mtoto mwenye degedege au mama anayetoka damu hasubiri kompyuta.

Wewe ufanye nini?

Tunza kadi ya kliniki ya mtoto na ya ujauzito hata kama umeambiwa taarifa zako zimo kwenye mfumo. Omba majibu ya vipimo na majina ya dawa uandikiwe kwenye karatasi, hasa ukipewa rufaa kwenda Bukoba, Chato au Bugando. Andika namba ya kadi ya bima mahali pengine nje ya simu. Kama una kisukari, shinikizo la damu au unatumia dawa za kufubaza VVU, nenda kuchukua dawa siku kadhaa kabla hazijaisha, ili siku moja ya mtandao mbovu isikuache bila dozi.

Mjamzito, tafuta mapema sehemu ya karibu na nyumbani ambako simu inashika, na umwonyeshe mumeo au jirani. Andikeni ukutani 115 ya m-mama na 199 ya Wizara ya Afya.

Ukiambiwa usubiri mtandao huku mgonjwa wako ana hali mbaya, usikae kwenye benchi. Mwite muuguzi au mganga mfawidhi na umweleze dalili: anashindwa kupumua, amepoteza fahamu, anatoka damu, au mtoto hanyonyi. Dalili hizo zinaonekana kwa macho, na tiba yake inaweza kuanza bila kompyuta.